Ngozi Haina Spea

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita binti wa dada yangu alinifuata kazini akiwa amejitanda khanga mpaka machoni. Nilidhani kuna msiba. Alipofunua uso nikaona mashavu mekundu, vipele vidogo vidogo, na ngozi inayobanduka pembeni mwa pua.

"Mjomba, nawaka moto," akasema. "Hata maji ya kunawa yananichoma."

Harusi yake ni mwezi ujao. Nilimwuliza kopo alilotumia linaitwaje. Akajibu halina jina. Alipimiwa kwa kijiko saluni. Hapo nikajua ni mkorogo.

Leo basi tuelewane mkorogo unafanya nini. Weusi wetu unatokana na melanini, ambayo huikinga ngozi na mionzi ya jua. Ukitaka kujua thamani yake, watazame ndugu zetu wenye ualbino, jinsi jua linavyowaletea vidonda na saratani ya ngozi. Sasa sisi tuliojaliwa mwavuli huo tunatoa fedha kuutoboa.

Ndani ya mkorogo mara nyingi mna kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni zebaki. Huleta vipele, na ikipenya mwilini huharibu figo. Hata mtoto anayebebwa na mama aliyejipaka anaweza kuipata, kupitia mikono, taulo na mashuka.

Cha pili ni haidrokuinoni. Huzuia ngozi kutengeneza melanini, lakini ikitumika muda mrefu huweza kuacha madoa meusi yenye ubluu ambayo ni vigumu mno kuyaondoa.

Cha tatu ni steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, ambazo ni dawa za hospitali. Hizi ndizo zinazodanganya watu. Siku za mwanzo uso hung'aa, kwa kuwa dawa inatuliza uvimbe na wekundu. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na fangasi huenea kwa kificho. Ukiacha ghafla, uso huwasha na kuwaka kuliko mwanzo, nawe unarudi kujipaka upate nafuu. Huo ndio mtego alionasa binti yetu.

Cha ajabu, wakati sisi tunakimbia weusi, wako Wazungu wanaolipa ili walale kwenye vitanda vya taa za urujuanimno wapate rangi ya kahawia. Nao huamka na mwasho, vipele na ngozi iliyobabuka, hasa wanaotumia dawa zinazoifanya ngozi isistahimili mwanga, mfano doksisaiklini. Mwaka 2009 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vitanda hivyo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na mwaka huohuo Brazil ikavipiga marufuku.

Kwetu Tanzania, vipodozi vyenye zebaki na haidrokuinoni vimekatazwa miaka mingi. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba baada ya mwaka 2025 vipodozi vya zebaki visitengenezwe wala kuvushwa mipaka. Hata hivyo, kijiko cha saluni kinaendelea kupima.

Nilimpeleka hospitali. Daktari hakumgombeza. Alimwambia asipake ndimu wala dawa ya meno, ajikinge na jua, aje na kopo lenyewe, na steroidi aiache kwa maelekezo ya daktari. Akaongeza kwamba ngozi itahitaji miezi, si wiki.

Binti akalia. "Mjomba, watasema nini ukumbini?"

Nilinyamaza. Nilikumbuka jinsi mimi mwenyewe, mbele yake, nilivyozoea kumsifu mdogo wake kuwa ndiye mrembo wa nyumba kwa sababu ni mweupe. Nilidhani ni utani wa mjomba. Kumbe alikuwa anasikia, na yule wa saluni alimkuta ameshaiva.

Msikilizaji, kama una mkorogo nyumbani, peleka kopo kwa daktari kabla hujajipaka tena. Na kama una watoto wa kike, chunga unachokisifu mezani. Mimi nimeshaomba radhi kwa binti yangu. Hadi wiki ijayo, kwaheri.