Kabla ya kununua BMW iliyotumika, kaa kwanza kiti cha nyuma

GARI lilikuwa limeoshwa likang'aa. BMW X1 nyeusi ya mwaka 2012, viti vya ngozi, imeegeshwa mstari wa mbele katika yadi moja kando ya Barabara ya Bagamoyo, jijini Dar es Salaam. Bei iliyobandikwa kwenye kioo ilikuwa Sh27 milioni, na muuzaji alishadokeza kuwa inazungumzika.

Mume alikwenda moja kwa moja kwenye usukani. Mkewe, muuguzi wa wodi ya mifupa na mama wa watoto wawili, alifungua mlango wa nyuma, akaketi mahali ambapo angekaa mwanawe mdogo, kisha akauvuta mkanda taratibu hadi mwisho.

Sehemu ya juu ilikuwa safi. Ile ya mwisho, ambayo kwa kawaida hubaki imejikunja ndani, ilikuwa na alama ya kahawia iliyonyooka, na tope kavu likadondoka kwenye sketi yake.

"Dada yangu, hilo ni vumbi tu, linafutika," alisema muuzaji.

Fundi waliyekuja naye kutoka Ilala hakumjibu. Alipiga goti, akainua kona ya zulia chini ya kiti. Sponji iliyokuwa chini yake ilikuwa na unyevu, na manukato makali yaliyopuliziwa ndani ya gari hayakuweza tena kuficha harufu ya ukungu.

Wanandoa hao walikuwa na akiba ya miaka minne, ikiwamo fedha ya kikoba na sehemu ya ada ya shule ya mtoto wa kwanza. Mtoto wa pili ana pumu, na kupanda daladala alfajiri kumpeleka kliniki ndiko kulikowafanya watafute gari.

Kwa nini bei inavutia

Magari madogo ya kifahari yenye umbo la jipu, kama BMW X1, Audi Q3 na Range Rover Evoque, hushuka bei haraka kuliko Toyota nyingi. Ndiyo maana familia ya kipato cha kati hujikuta ikipata X1 kwa fedha ambayo haifiki bei ya RAV4 ya umri huohuo.

Lakini gari likishuka bei, vipuri vyake havishuki nalo. Familia inayomaliza akiba yote siku ya kununua ndiyo inayoahirisha kubadilisha pedi za breki na tairi, na hapo jambo la fedha linageuka kuwa jambo la afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

X1 ilipata nyota tano katika majaribio ya usalama ya Euro NCAP. Nyota hizo lakini zilitolewa kwa gari jipya, lenye mikanda, breki na mifuko ya hewa inayofanya kazi. Baada ya zaidi ya miaka kumi, mnunuzi ndiye anayepaswa kuhakikisha kama vitu hivyo bado vipo.

Gari lililooga mafuriko

Gari lililozama majini linaweza kusafishwa, kukaushwa na kupigwa rangi likapendeza. Tatizo hubaki mahali ambapo kitambaa cha kusafishia hakifiki. Ndiyo maana mafundi hushauri kuvuta mikanda yote hadi mwisho, kuinua zulia, kufungua sehemu ya tairi la akiba kwenye buti na kumulika tochi kwenye reli za viti kutafuta kutu na tope. Taa za mbele zenye ukungu wa maji kwa ndani nazo ni dalili.

Kwa mtoto mwenye pumu, unyevu huo si harufu mbaya tu. Kuvu wanaoota chini ya zulia hutoa chembe ndogo zinazopulizwa pamoja na hewa ya kiyoyozi, na chembe hizo zinaweza kuamsha shambulio la pumu.

Maji pia huharibu umeme. Katika magari mengi, kompyuta inayoamuru mifuko ya hewa kufumuka imefungwa chini, katikati ya viti vya mbele, mahali ambapo maji yakiingia hufika mapema.

Kipimo chake cha kwanza hakihitaji mashine. Ukiwasha swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi inapaswa kuwaka kwa sekunde chache, kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeizima ili mnunuzi asiione.

Kwenye ile X1 nyeusi, taa haikuwaka kabisa. Fundi alipochomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, kompyuta ya mifuko ya hewa haikujibu.

Mifuko ya hewa yenyewe ina historia nyingine. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017, ilitengeneza vifumuo vyenye kemikali inayoharibika taratibu kwenye joto na unyevunyevu, hali ambayo wakazi wa pwani wanaijua vizuri. Kifumuo kilichoharibika kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Mamilioni ya magari duniani yaliitwa ili yabadilishwe vifumuo, na BMW ni miongoni mwa kampuni zilizohusika. Kabla ya kulipa, chukua namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, uulize kwa wakala au kwenye tovuti ya mtengenezaji kama gari hilo liliitwa na kama lilitengenezwa.

Injini iwe baridi

Fika bila kutoa taarifa mapema, na gusa boneti. Ikiwa ya moto, omba kurudi wakati mwingine, kwani injini iliyopashwa huficha milio na moshi.

Injini ikiwashwa ikiwa baridi, moshi wa bluu humaanisha oili inaungua, ugonjwa unaojulikana kwa X1 za sDrive18i zinapozeeka. Kwa zile za 20i zenye tabo, sikiliza mlio wa kukwaruza au kuvuma upande wa cheni ya injini, kwa sababu vishikizi vyake vya plastiki huvunjika na kukarabati ni ghali. Ukisikia harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari, usilipuuze. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, lakini husafiri pamoja na moshi huo, na abiria huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu.

Soma pia tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye tairi. 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi hilo limezeeka hata kama bado lina meno. X1 nyingi zilitoka kiwandani bila tairi la akiba, hivyo ulizia bei ya tairi zake mapema.

Kwa upande wa karatasi, jina kwenye kadi lilingane na la muuzaji, na hakikisha gari halidaiwi faini za barabarani, ada za maegesho wala mkopo wa benki. Gari likiwa limetoka mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Alama ya R au RA humaanisha liliwahi kutengenezwa baada ya ajali.

Bei ya pili

Mafundi wanashauri mnunuzi abakize fedha ya oili, breki, tairi na matengenezo ya mwanzo. Kama fedha hiyo haipo, gari hilo bado ni ghali kwako, hata bei ikipunguzwa.

Wanandoa hao waliondoka bila kulipa hata kishika uchumba. Wiki tatu baadaye walipata X1 nyingine ya kijivu, viti vya kitambaa, iliyotembea kilomita nyingi zaidi. Taa iliwaka ikazima, mikanda ilikuwa safi hadi mwisho. Fundi alikuta pedi za breki zimeisha na tairi mbili zimezeeka, na gharama zake zikakatwa kwenye bei. Ada ya shule haikuguswa.

Walipopita tena Barabara ya Bagamoyo, ile nyeusi haikuwapo yadini. Ilikuwa imeuzwa.