Fahamu: Kwa nini mzimu wa La Llorona haukutisha

The Curse of La Llorona, filamu ya mwaka 2019 ya Michael Chaves, ilibeba hadithi nzito ya Mexico: mama aliyewazamisha wanawe majini, sasa analia akiwawinda watoto wa wenzake. Ndugu wawili wanapojifungia garini, na mkono wa kushushia kioo ukajizungusha wenyewe taratibu, hofu inashika kweli. Baada ya hapo ni makelele na sura inayochomoza ghafla. Huko ni kushtua tu, kwani majonzi ya mama yule, kiini cha hadithi, yamepitwa mbio. Watetezi watataja mapato ya zaidi ya dola milioni 120. Sawa, lakini tiketi hukatwa kabla ya filamu kuonwa. Kilichouza ni jina la mzimu, ambalo familia za Kimexico zinalijua tangu zamani.