Moto wa Sydney na Mvua za Vuli: Dhima ni ya Nani?

Mwishoni mwa mwaka 2019, wakati watu wa Pokot Magharibi nchini Kenya walipokuwa wakifukua maiti za jamaa zao chini ya udongo ulioporomoshwa na mvua za vuli, mji wa Sydney ulikuwa umegubikwa na moshi wa misitu, hata tarehe 10 Desemba feri za bandarini zikasimamishwa, ving'ora vya moto vikalia katika majumba yasiyoungua, na majivu meusi yakaletwa ufukoni na mawimbi.

Misiba hiyo ilikuwa na sababu moja ya kimaumbile. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kuliko kawaida, na yale ya karibu na Sumatra yakapoa. Mawingu yakaelekea Afrika Mashariki, na Australia ikanyimwa mvua. Bahari ina tabia hiyo tangu dahari, kabla ya viwanda kujengwa. Isitoshe, moto mkubwa wa Gospers Mountain, kaskazini magharibi mwa Sydney, ulioteketeza zaidi ya hekta 500,000, uliwashwa na radi. Wanaokanusha athari ya mwanadamu wakauliza: je, radi nayo imetoka kiwandani?

Hoja hiyo ina ukweli, ila haukutimia, kwa kuwa radi hueleza cheche tu, wala haielezi ukavu wa kuni. Mwaka 2019 ulipita yote kwa joto na kwa ukame tangu Australia ianze kuweka kumbukumbu, na tarehe 4 Januari 2020 kitongoji cha Penrith, Sydney, kilifikia nyuzi 48.9. Na lau jua ndilo lililoleta joto hilo, tabaka za juu za anga zingepata joto pamoja na za chini. Kumbe za juu zinapoa. Huko Cape Grim, Tasmania, ambako hewa hupimwa tangu 1976, kaboni dayoksidi ilivuka sehemu 400 katika kila milioni mwaka 2016, ilhali kabla ya viwanda ilikuwa 280 hivi, na atomi zake zashuhudia kwamba ziada hiyo imetokana na makaa na mafuta.

Maji ya bandari yakiinuka daima, bamvua ileile iliyokuwa ikiishia ngazini itaingia sebuleni. Ndivyo tabia ya kale ya bahari inavyofanya katika dunia iliyokwisha kupashwa joto. Wanasayansi waliochunguza msiba ule walikadiria kwamba mwanadamu ameongeza uwezekano wa hali ya hewa ya moto kama ule kwa asilimia 30 angalau.

Kwa hiyo kuuliza kama ni maumbile au ni mwanadamu ni kutenganisha mambo yaliyofanya kazi pamoja. Bahari haishitakiki. Makaa yapakiwayo Newcastle, kaskazini mwa Sydney, katika bandari iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani kwa biashara hiyo, yana mchimbaji, muuzaji na mnunuzi, na kila mmoja anaweza kuamua vingine. Na dhima humwandama mwenye hiari.