Wasiwasi wa kazi unapoingia mwilini

Katika mkutano wa wiki iliyopita tuliuliza swali dogo: kazi inakuuma wapi? Tulingoja majibu ya makuta. Wengi walionyesha mwili. Mmoja alishika shingo, mwingine tumbo, mwingine akasema moyo unapiga ngoma kila simu ya mtu aliyemkopesha mzigo inapolia. Mama mmoja anayeuza sambaza Kadutu alisema analala saa tano ya usiku, na saa tisa macho yako wazi, anapiga hesabu ya deni gizani.

Huo si uvivu, wala si lazima uwe uchawi wa jirani wa meza. Mtu akiogopa, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na kortisoli katika damu. Moyo unakimbia, pumzi zinakuwa fupi, misuli inakaza, tumbo linaacha kusaga chakula vizuri. Ni msaada mkubwa kama unafukuzwa na mbwa. Mbwa akienda, mwili unatulia. Lakini deni, kodi ya soko, minervali ya watoto na barabara iliyofungwa haviendi. Basi mwili unabaki tayari kwa mbio siku nzima, mwezi mzima. Shingo iliyokaza inaleta kichwa kuuma, usingizi unakatika, na asiyelala vizuri tansio inaweza kumpanda.

Tansio ndiyo inatutia hofu zaidi, kwa sababu mara nyingi haiumi. Mtu anauza mezani kwake akicheka, kumbe yuko kwenye 170. Ikipimwa siku mbili tofauti na namba ya juu ikafika 140, au ya chini 90, inatakiwa matibabu. Ikiachwa inaharibu moyo na figo, na inaweza kupasua mshipa wa kichwa: mdomo unakwenda upande, mkono unaanguka, maneno yanapotea. Hapo ni kukimbilia hospitali saa ileile. Maombi yafanyike njiani.

Vidonda vya tumbo navyo tumezoea kusema vinaletwa na mawazo. Mawazo yanaongeza maumivu, kweli. Lakini madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba vingi vinaletwa na kidudu kinachoishi tumboni, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kidudu hicho kina dawa. Chanzo kingine tunakinunua wenyewe: ibuprofeni na diklofenaki, tunazomeza kila jioni kwa ajili ya mgongo. Zikinywewa siku nyingi zinachubua tumbo, na zinaweza kupandisha tansio vilevile. Yaani kazi imekaza mgongo, na dawa ya mgongo inatuletea ugonjwa wa pili na wa tatu. Ukiwa unazihitaji kila siku, nenda kituo cha afya wakuangalie.

Sasa kupumzika. Kumwambia mama wa watoto sita apumzike bila kumtua bidoni ya maji ni kumcheka. Kwa hiyo tunaanza nyumbani: kijana wa miaka 12 ana mikono ya kuosha sahani, na baba watoto anaweza kuwasha makala. (Tunajua waume wengi wanasoma karatasi hii. Mstari huo wausome mara mbili.)

Mezani, mteja akiondoka, shusha mabega. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5. Pumzi ndefu ya kutoa inapunguza mbio za moyo. Wanaoimba kwaya wanaifanya bila kujua, ndiyo maana wanatoka mazoezini wepesi. Mazoezi ya miguu milima ya Bukavu inatupa ya kutosha. Kinachokosekana ni kutembea bila mzigo, hata nusu saa siku ya Mungu mchana.

Hesabu za deni ziandikwe kwenye daftari kabla ya giza, kisha daftari lifungwe. Kichwa kisichoogopa kusahau kinalala upesi. Na aliyeshindwa kulipa likelemba aseme mapema, tutapanga upya. Kuficha ndiko kunakokesha mtu. Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyo ndani ya kube na makayabu.

Jumamosi hii, kabla ya kuhesabu likelemba, tutapima tansio za wote. Usinywe kahawa nusu saa kabla. Fika mapema, kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono juu ya meza. Tutakuandikia namba zako kwenye kikaratasi. Kitunze, maana tutapima tena wiki itakayofuata.