Una Nini Nyumbani? Kikundi cha Akiba Bwera na Kasese



Wengi wetu tuliingia Uganda kwa mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera, tukitokea Kasindi na Beni. Ndugu wengine walibaki Bwera na Kasese, maana Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Wanauza samaki, maharage na mitumba. Sisi walimu wa kujitolea tulipokaa nao katika kikundi kidogo cha kanisa, kilio chao kilikuwa kilekile cha kambini: feza inaingia, haijulikani imeenda wapi, deni linabaki.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2023 WFP ilianza kugawa msaada hapa Uganda kwa makundi ya uhitaji, na familia nyingine zikaondolewa. Mwenye kuweka kadi yake ya chakula rehani dukani anaweka rehani sahani ya watoto.

Somo la mjane

Tulianza na 2 Wafalme 4. Mjane ana deni, na mwenye kumdai anataka kuwachukua wanawe wawili. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Ana mafuta kidogo tu. Anaazima vyombo kwa majirani, anauza mafuta, analipa deni, na kinachobaki wanaishi nacho.

Basi na sisi tukauliza swali hilo. Mama mmoja akasema hana kitu. Wenzake wakacheka: "Na ile sufuria ya mandazi ni ya nani?" Kila mtu akaanza kuhesabu: cherehani, kuku, mikono yake.

Halafu kila nyumba iliandika kwa siku saba feza iliyoingia na iliyotoka. Baba mmoja aliona vocha ya simu imekula kuliko sabuni na chumvi ya nyumba nzima.

Hesabu ya deni

Tuseme umekopa shilingi 50,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni 10,000. Ukilipa riba peke yake, baada ya miezi 5 umeshatoa 50,000, na deni la kwanza liko palepale.

Wale wanaovuka kwenda Kasindi wanashika shilingi, franga ya Kongo na dola. Uliza bei ya kubadilisha kwa watu wawili watatu kabla ya kutoa feza yako.

Sanduku lenye kufuli tatu

Likelemba tunaijua tangu Kongo: kila mtu anatoa, mmoja anabeba zote, zamu inazunguka. Shida ni pale ugonjwa unapokuja kabla ya zamu yako. Njia nyingine ilianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na leo imeenea Uganda:

1. Watu 15 hadi 25 wanaojuana wanakutana kila wiki.
2. Kila mmoja ananunua hisa 1 hadi 5, kadiri ya uwezo, na kitabu chake kinapigwa muhuri.
3. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na mwenye kutunza sanduku hana hata moja.
4. Feza inahesabiwa mbele ya wote kwa sauti.
5. Kuna mfuko wa pembeni wa magonjwa na misiba.
6. Mwisho wa mwaka wanagawana akiba pamoja na faida ya mikopo.

Kwa wenye kuongoza

Usimwambie maskini kwamba hana imani. Usichanganye sadaka na akiba. Usishike feza ya kikundi wewe peke yako, hata kama watu wanakuamini: hesabu ya wazi inalinda jina lako pia. Asiye na feza wiki hii aje hivyohivyo, akae, asali na wenzake. Na deni la mtu lisitoke nje ya kikundi.

Maswali ya nyumbani

Baba na mama, jioni moja kaeni pamoja na watoto wakubwa mjibu haya:

Tuna nini nyumbani?
Tunadaiwa na nani, shilingi ngapi?
Wiki hii tunaweza kuweka kiasi gani, hata kama ni 500?

Mungu awabariki, na mkono wa kazi usichoke.