Nunda, Kong na Gojira

Mtu wa Dar es Salaam atazamaye filamu ya kigeni katika banda la video la Kariakoo hupata mambo mawili kwa pamoja: picha waliyoipiga wageni, na hadithi anayosimuliwa kwa Kiswahili juu yake. Kumbi za mjini kama Avalon, Empire na Empress zilikwisha kufungwa. Lakini kazi ya watafsiri wa sauti, ambao mashuhuri wao alikuwa Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu, iliirudisha sinema barazani, mahali pa ngano. Kwa hiyo si kosa kuzipima filamu za madubwana kwa ngano ya Waswahili wenyewe, yaani ile ya Nunda mla watu.

Ngano hiyo ilipigwa chapa London mwaka 1870 katika kitabu cha Edward Steere, aliyeipata Unguja. Sultani Majinuni alikuwa na paka. Paka alipokula kuku, watu walimshtakia Sultani, naye akajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka akala ndama, akala punda, akala ngamia. Jibu likawa lile lile. Hata alipokula mtoto wa mtu, jibu halikubadilika. Ndipo akahamia mwituni. Na siku alipowaua wana watatu wa Sultani, Sultani akakiri kuwa huyo si paka tena, ni Nunda. Shina la hadithi si ukubwa wa mnyama, bali ni mwenye mnyama.

Wamarekani waliifanya King Kong mwaka 1933. Kong hatoki kwa mtu. Ana kisiwa chake, akaletwa New York kwa meli, amefungwa minyororo, ili tikiti ziuzwe. Akauawa kwa ndege juu ya jengo la Empire State. Ajabu ni kwamba neno la mwisho la filamu lamtupia lawama mwanamke mzuri, wala si yule bwana aliyemtia mnyama minyororo. Katika filamu nyingine, ya mwaka 1953, mnyama wa kale aliyelala katika barafu ya kaskazini anaamshwa na bomu la atomu. Lakini mwishowe anauawa kwa kombora lenye sumu ya atomu iyo hiyo. Kilicholeta maradhi ndicho kilicholeta dawa, na watu wakarudi majumbani.

Wajapani hawakuweza kusema hivyo. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa mashua moja ya Kijapani. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, akafa tarehe 23 Septemba. Siku 41 baadaye Gojira, filamu ya Ishirō Honda, ilianza kuonyeshwa. Dubwana laingia Tokyo kwa njia ya ghuba, likitembea kwa uzito, kwa kuwa ndani ya gamba lake mna mtu, Haruo Nakajima, ambapo Kong alikuwa kidude kilichosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera. Baada yake filamu yakaa hospitalini, miongoni mwa majeruhi. Mtaalamu Serizawa, aliyevumbua silaha ya kulimaliza, achoma karatasi zake na kufa baharini pamoja nalo, asije mtu akaitumia tena. Na mzee Yamane aonya kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea, huenda akatokea mwingine. Wamarekani walipoitengeneza upya mwaka 1956, wakimwingiza Raymond Burr, onyo hilo waliliondoa.

Wajapani nao hawakushika njia moja. Katika miaka ya 1960 na 1970 Gojira aligeuzwa kuwa mtetezi wa watoto. Lakini katika filamu ya mwaka 2016 wakuu wa serikali wanahama kutoka mkutano mmoja hadi mwingine huku mnyama akipanda nchi kavu, na hapo Majinuni angejiona.

Jambo moja lakosekana pande zote mbili. Mwana mdogo wa Sultani, yule mkaa jikoni, alipotoka kumwinda Nunda alimletea mama yake mbwa, kisha ngawa, kisha punda milia, hata tembo, na kila mara akaambiwa siye. Gojira na Kong hawamtatizi mtu hivyo: hujulikana papo hapo kwa ukubwa wao.