UFAHAMU MJI WA BHUJ

Wengi wetu tukisikia "Mhindi" tunadhani eti wote walitoka Bombay wakaja kutandika reli. Si hivyo. Vibarua wengi wa reli walitoka Punjab. Lakini wajenzi na wenye maduka wengi wa Nairobi na Mombasa asili yao ni Gujarat, ikiwemo wilaya ya Kutch. Leo nitakueleza juu ya Bhuj, makao makuu ya wilaya hiyo.

Tuanze na jiografia. Kutch iko magharibi kabisa mwa India, mpakani na Pakistan. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote nchini humo: kilomita mraba 45,674, karibu sawa na Garissa yetu. Kaskazini kuna Rann, jangwa la chumvi. Mvua zikinyesha hugeuka ziwa. Maji yakikauka hubaki chumvi nyeupe pe pe pe. Lakini mvua yenyewe ni haba, hata ziwa la Hamirsar lililo mjini Bhuj likijaa na kufurika, hutangazwa siku ya mapumziko! Wenzetu hufunga shule kwa kushangilia maji.

Sasa historia. Mwaka 1549, Rao Khengarji wa Kwanza aliifanya Bhuj mji wake mkuu. Kusini, bandari ya Mandvi iliunda majahazi yaliyokuja kwa pepo za kaskazi hadi Zanzibar na Mombasa. Kwa sababu ya ukame na biashara, watu wengi walihamia huku kwetu.

Tarehe 26 Januari 2001, Wahindi wakisherehekea Siku ya Jamhuri, ardhi ilitetemeka. Jamani, haikuwa mchezo! Katika Gujarat watu wapatao 20,000 walikufa. Mji wa kale wa Bhuj ulikuwa na vichochoro vyembamba. Nyumba zilipoporomoka, watu walikosa pa kukimbilia. Mji ulipojengwa upya, barabara zilipanuliwa.

Kumbe hatari ilijulikana! Tetemeko la 1819 liliinua huko tuta refu la ardhi liitwalo Allah Bund. Nasi tusicheke. Bonde letu la Ufa lilitetemeka vikali kule Subukia mwaka 1928, na bado tunarundika maghorofa bila kujali msingi. Mimi naona funzo la Bhuj ni letu pia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.